Jina na Jani: Historia Fupi ya Kuhukumu Ubora wa Biri za Havana

1. Utangulizi

Katika Kiswahili, neno sigara, ambalo asili yake ya mbali ni cigarro la Kihispania, limebaki kwa tumbaku iliyoviringwa katika karatasi. Ile nene, iliyosokotwa kwa majani matupu, kamusi huiita biri, neno lililotoka Bara Hindi. Makala haya yanahusu biri ya namna hiyo, hasa ile ya Cuba, ambayo tangu karne ya 19 imekuwa kipimo cha nyingine zote. Swali linaloshughulikiwa ni moja: ni nani mwenye haki ya kusema kwamba biri fulani ni bora? Mvutaji hudhani ni yeye. Historia yaonyesha kwamba hukumu nyingi zimekwisha kutolewa kabla hajawasha kiberiti, tena na watu ambao majina yao hayaandikwi juu ya sanduku.

Ni vema kukumbusha kwamba habari hii ilianza na mkalimani aliyeshindwa kazi yake. Mnamo Novemba 1492, Columbus alituma watu wawili ndani ya kisiwa cha Cuba. Mmoja wao, Luis de Torres, alichaguliwa kwa kuwa alijua Kiebrania na Kiarabu. Lugha hizo hazikufaa kitu mbele ya Wataino. Kilichoripotiwa ni kile kilichoonekana kwa macho: wanaume na wanawake waliochukua majani yanayowaka na kuvuta moshi wake.

2. Hukumu ya shamba na ya mkono

Mwaka 1717 Serikali ya Hispania iliihodhi biashara ya tumbaku ya Cuba, ikawa ndiyo mnunuzi na ndiyo mpanga bei. Wakulima waliasi mara kadhaa, na mwaka 1723 baadhi yao waliuawa. Hapo tayari swali letu lilikuwa na damu ndani yake, kwani anayepanga daraja la jani ndiye anayepanga riziki ya mkulima. Uhodhi huo ulifutwa mwaka 1817, na nyumba kubwa za Havana zikafuata: H. Upmann mwaka 1844, Partagás mwaka 1845, na Romeo y Julieta mwaka 1875.

Jani linalosifiwa kuliko yote hutoka Vuelta Abajo, katika mkoa wa Pinar del Río. Biri moja hukusanya majani ya kazi mbalimbali. Jani la nje hukuzwa chini ya kivuli cha vitambaa ili liwe jembamba na laini. Jani la pili hufunga umbo. Ya ndani huleta ladha. Hayo ya ndani hutofautishwa kwa mahali yalipoota juu ya mche: volado ya chini husaidia kuungua, seco ya katikati hutoa harufu, na ligero ya juu, yaliyopigwa na jua zaidi, huleta ukali. Majani huchachushwa na kulazwa kwa muda mrefu, kisha hukabidhiwa msokotaji, ambaye vyombo vyake ni ubao, kisu kipana kiitwacho chaveta, na vidole. Akikaza mno, moshi haupiti. Akilegeza mno, biri huungua haraka na kuwa ya moto mdomoni. Baada yake huja wakaguzi wa uzito na unene, waonjaji wa kiwanda, na wachaguzi wa rangi, ambao hupanga biri sandukuni kutoka iliyokoza zaidi upande wa kushoto hadi iliyofifia zaidi upande wa kulia.

3. Sikio la wasokotaji

Watu hao hawakuwa mikono mitupu. Mwaka 1865, katika kiwanda cha El Fígaro mjini Havana, wasokotaji walianza kusomewa kwa sauti wakiwa kazini. Mwaka uliofuata desturi hiyo ikaingia Partagás. Msomaji alilipwa kwa michango ya wafanyakazi wenyewe. Walisomewa magazeti na riwaya, wakabishana juu yake. Watawala wa kikoloni wakaona hatari, wakapiga marufuku mwaka huohuo wa 1866, lakini usomaji ulirudi, ukavuka bahari pamoja na wahamiaji hadi Key West na Tampa. Jina la Montecristo, lililoanzishwa mwaka 1935, linatokana na riwaya ya Alexandre Dumas, ambayo husimuliwa kuwa ilipendwa sana na wasokotaji. Mwaka 2012 Cuba iliutangaza usomaji huo kuwa urithi wa utamaduni wa taifa. Kwa hiyo waliohukumu jani kwa vidole walikuwa, saa ileile, wakihukumu hadithi kwa masikio.

4. Jina lagawanyika

Mnamo Septemba 1960, serikali ya mapinduzi ilitaifisha viwanda vya tumbaku. Wenye viwanda waliokimbia hawakuweza kuchukua mashamba, walichukua majina. Tangu hapo jina lilelile likaweza kubandikwa juu ya majani ya Cuba na juu ya majani ya Jamhuri ya Dominika. Mwaka 1962 Rais Kennedy aliifungia Cuba biashara na Marekani. Msemaji wake, Pierre Salinger, alisimulia baadaye kwamba kabla ya kutia sahihi, rais alimtuma amtafutie biri, naye akaleta 1,200. Jina Cohiba, lenye asili ya Kitaino, lilianza Cuba mwaka 1966, kisha likaandikishwa Marekani na kampuni nyingine. Mwaka 2022 ofisi ya Marekani ya alama za biashara iliamua kulifuta andikisho hilo, na shauri likaendelea mahakamani.

Hata mfanyabiashara Zino Davidoff, aliyeuza biri za Cuba kwa jina lake, aliteketeza zaidi ya biri 100,000 mwaka 1989 kwa kudai kwamba hazikufikia kipimo, kisha kampuni yake ikahamia Jamhuri ya Dominika. Na gazeti la Cigar Aficionado, lililoanzishwa nchini Marekani mwaka 1992, liliamua kutoa alama hadi 100 baada ya kuonja biri zilizovuliwa pete zao za karatasi. Hatua hiyo ni ungamo: jina likionekana, ulimi husema uongo.

5. Hitimisho

Wavutaji wa lugha ya Kifaransa huigawa biri katika theluthi tatu: le foin, le divin, le purin, yaani nyasi kavu, utukufu wa kimungu, na maji ya samadi. Msamiati wa kuonja umetoka shambani na kanisani, si sokoni. Kiswahili nacho hakikosi maneno: ukali si uchungu, na uchungu si ukakasi. Tofauti hizo ndizo zinazohitajika na kila anayehukumu jani. Mwili nao una hukumu yake: hata asiyevuta moshi hadi mapafuni hajakwepa saratani ya kinywa na ya koo.

Basi, sifa ya biri si mali ya anayeivuta wala ya anayemiliki jina lake. Mwaka 1960 majina yalisafiri kwa karatasi za mawakili. Ujuzi wa kupima jani kwa kidole ulihitaji mtu wa kuubeba. Palipobaki wasokotaji, ulibaki; palipohamia wasokotaji, ulihamia.