Mwaka Aliozaliwa Bibi

Kwenye ratiba ya mazishi ya Bibi, chini ya picha yake, tuliandika hivi: Kuzaliwa 1930, Kufariki 2014. Mimi ndiye niliyeipeleka steshenari kule Kongwa mjini, na mimi ndiye niliyeihakiki kabla haijachapwa. Niliangalia kama majina ya watoto yamekaa kwa mpangilio na kama picha haijapauka. Mwaka wa kuzaliwa sikuuangalia mara mbili. Ulitoka kwenye kadi yake ya mpiga kura, na kadi ni karatasi ya serikali.

Baba ndiye aliyenieleza baadaye mwaka ule ulivyopatikana. Siku ya kujiandikisha, karani alimuuliza Bibi amezaliwa lini. Bibi akajibu kwamba alizaliwa wakati wa njaa. Karani akamwambia njaa zimekuwa nyingi, Bibi akakubali kwamba ni kweli zimekuwa nyingi. Karani akamtazama usoni, akaandika 1930. Foleni ilikuwa ndefu.

Miaka miwili baada ya mazishi, tulipoanza kuchanga fedha za kujengea kaburi, nikauliza kama tuna uhakika na mwaka. Baba Mkubwa, mzaliwa wa kwanza wa Bibi, akaniuliza kama shule niliyosoma imenifundisha kubishana na marehemu.

Sikuwa nabishana naye. Nilikuwa na sauti yake kwenye simu, dakika kumi na moja, niliyoirekodi likizo moja nikiwa chuoni. Alikuwa amekaa kibarazani akipepeta uwele, akiniita mume wangu kama alivyotuita wajukuu wote wa kiume, na akinilaumu kwamba sijamletea sukari. Nilimuuliza maswali ya kijinga ya mwanafunzi: zamani mlikula nini, mlivaa nini. Katikati ya kujibu habari za mlenda akasema hivi, bila kubadilisha sauti: "Mama alimtoa dada yangu kwa kapu la mtama. Mimi nilikuwa mgongoni. Hatukumwona tena." Kisha akafukuza kuku. Na mimi, ambaye leo ningetoa chochote nirudi kibarazani pale, nikamuuliza swali lililofuata kwenye daftari langu, lililohusu ngoma za mavuno.

Nilirudi kwenye maneno yale baada ya kusoma kuhusu Mtunya.

Wagogo waliita hivyo njaa iliyoikumba nchi yao mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Ugogo ni nchi kavu, mvua zake ni za msimu mmoja na hazina ahadi, na watu wake walijua kuishi na ukame: uwele na mtama vinavyovumilia jua, ng'ombe wa kubadilishana na nafaka, ndugu wa mbali wa kukimbilia. Vita viliondoa vyote hivyo kwa mpigo. Reli ya Kati ilikuwa imefika Dodoma mwaka 1910, na jeshi lililopita njia hiyo lilikula kilichokuwa pembeni mwake. Wajerumani walichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Julai 1916 Dodoma ikaangukia mikononi mwa majeshi ya Uingereza, nayo yalihitaji nafaka, ng'ombe na wapagazi vilevile. Mvua zilipokosekana, nyumba nyingi hazikuwa na akiba, hazikuwa na mifugo, na hazikuwa na mtu wa kulima. Njaa ilianza 1917 ikaendelea hadi karibu 1920. Walikufa maelfu kwa maelfu. Waliobaki walitawanyika, na wapo waliowaweka watoto wao kwa wenye chakula, kwa matumaini ya kuwakomboa mvua ikinyesha.

Kama Bibi alibebwa mgongoni wakati wa Mtunya, basi hakuzaliwa 1930. Alizaliwa 1918 au 1919, mwaka huku au mwaka kule.

Baba Mkubwa alisema Bibi alisimuliwa na mama yake akachanganya njaa. Haikuwa hoja mbaya. Katika maisha yake kulikuwa na njaa ya miaka ya vita vya pili, kulikuwa na njaa ya karibu na Uhuru, na ile ya miaka ya sabini iliyotuletea ugali wa yanga, unga wa mahindi ya njano ambao Bibi alisema una harufu ya meli ingawa hakuwahi kuiona meli. Kwa hiyo nikatafuta ushahidi mwingine, na nikaupata kwa Baba Mkubwa mwenyewe.

Kisa anachokipenda kuliko vyote ni cha matrekta. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia baada ya vita, ilianzisha mpango wa kulima karanga Tanganyika, ekari zaidi ya milioni 3 kwenye maeneo matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wakaanza na Kongwa. Mashine zikakutana na mibuyu isiyong'oka, nyuki waliokaa ndani yake, na udongo wa mfinyanzi ambao jua likiupiga unakuwa kama sakafu ya saruji. Mvua ikafanya ilivyozoea kufanya. Mwanzoni mwa 1951 mpango ukaachwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zikawa zimekwenda. Babu alifanya kibarua cha kufyeka pori. Bibi aliwauzia vibarua uji na mayai, akiwa na mimba ya mtoto wa tatu. Na Baba Mkubwa, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa anachunga mbuzi peke yake siku trekta la kwanza lilipotokea, mbuzi wakatawanyika, akachapwa.

Nikamuuliza: mtoto wa kuchunga mbuzi peke yake ana miaka mingapi? Akasema minane, tisa. Nikamwomba afanye hesabu. Kama Bibi alizaliwa 1930, alimzaa yeye akiwa na miaka minane au tisa.

Alinyamaza, kisha akacheka. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa 1945. "Ukimzeesha mama," akasema, "unanizeesha na mimi."

Shangazi yangu ndiye aliyetoa jambo ambalo sikulitegemea. Mwaka 1971, wakati wa Operesheni Dodoma, familia ilihamishwa kutoka kwenye tembe yao ya zamani kwenda kijiji cha ujamaa. Vyombo vilipakiwa kwenye lori. Bibi aligoma kupanda mpaka kilindo chake cha mbegu za uwele kipande kwanza, akakipakata njia nzima kama mtoto. Huko kijijini, kwenye darasa la elimu ya watu wazima, akiwa na zaidi ya miaka 50, alijifunza kuandika. Alipoweza, alichukua chaki akaandika majina ya watoto wake kwenye mlango, upande wa ndani. Ana watoto saba. Majina yalikuwa manane.

"Tulidhani amekosea," Shangazi alisema. "Tulimcheka. Baba yako ndiye alimwambia, mama, umeandika mtoto ambaye hayupo. Akasema, najua."

Jina la nane lilikuwa nani? Baba anasema lilianza na M. Shangazi anasema N. Mlango ulipakwa rangi alipoolewa shangazi mdogo, na baadaye nyumba yenyewe ikabomolewa tukajenga ya matofali.

Tangu siku hiyo naona upya mambo niliyoyachukulia kuwa tabia tu za kizee. Bibi alikuwa anatuhesabu. Krismasi, tukijaa uani kutoka Dar es Salaam, Morogoro na Arusha, hakugusa chakula mpaka apite akitugusa vichwa mmoja mmoja. Akisikia ndoa ya mwanawe ina mgogoro, hakuuliza nani ana kosa. Aliuliza watoto wanalala wapi. Mjukuu aliyezaliwa nje ya ndoa, ambaye wazee wengine walitaka alelewe kwa mama yake na yasemwe yameisha, Bibi alipanda basi akamfuata mwenyewe. Na mbegu za kilindo hazikuliwa, hata mwaka tuliokopa unga dukani. Tulimwona mbahili. Sijui nyumba nyingine iliyoshikana kama yetu, na nilizoea kuamini kwamba ni kwa sababu Bibi alikuwa na upendo mwingi. Alikuwa nao. Lakini pia alikuwa mtoto aliyebaki, aliyekua akijua kapu la mtama lina thamani gani.

Kikao cha kaburi kilichukua jioni mbili. Wajomba walitaka mwaka wa kadi, kwa sababu ndio uko kwenye karatasi zote na hatukutaka matatizo. Mimi nilitaka 1918, na nilipoulizwa kwa nini si 1919 sikuwa na jibu. Baba Mkubwa, aliyekuwa mpinzani wangu mkubwa, ndiye aliyesema tuandike kile alichomjibu karani. Jiwe sasa linasema: Alizaliwa wakati wa Mtunya. Alifariki 2014.

Fundi anatoza kwa herufi. Tarakimu nne zingekuwa bei rahisi. Baba Mkubwa alitoa nyongeza kutoka mfukoni mwake, na fundi alipouliza kama Mtunya ni kijiji, mzee alivuta kigoda akaketi karibu naye, akaanza kumweleza.