Rovu, Tezi na Madini Joto

Neno rovu ni la zamani katika Kiswahili, nalo lataja kitu kinachoonekana kwa macho: uvimbe wa mbele ya shingo. Halisemi uvimbe huo umetokana na nini. Mfasiri wa maandiko ya utabibu hana budi kulikumbuka jambo hilo, kwa kuwa rovu laweza kumtokea mtu ambaye tezi yake imepungukiwa na kazi, na pia yule ambaye tezi yake imepita kiasi. Na dawa ya mmoja ni madhara kwa mwenziwe.

Jina la tezi yenyewe halitusaidii. Mwaka 1656 Thomas Wharton, tabibu wa London, aliiita thairoidi kwa kufuata gegedu lililo jirani yake, ambalo Wagiriki walilifananisha na ngao. Gegedu hilo ndilo kikoromeo chetu. Kazi ya tezi Wharton hakuijua. Miongoni mwa mengine, alidhani ipo ili kuipa shingo umbo la kupendeza, hasa kwa wanawake!

Kazi hiyo ilikuja kujulikana kwa gharama kubwa. Theodor Kocher, mpasuaji wa Bern, Uswisi, nchi ambayo milimani mwake rovu lilikuwa jambo la kawaida, alizoea kuiondoa tezi nzima. Mwaka 1882 Jacques-Louis Reverdin wa Geneva alimdokezea kwamba wagonjwa wa namna hiyo hudhoofika baadaye. Kocher akawaita wagonjwa wake wa zamani. Mwaka 1883 alitoa taarifa kwamba kati ya watu 18 waliotolewa tezi yote na aliowachunguza tena, 16 walikuwa wamedhurika: nyuso zimevimba, mwendo na fikra vimekuwa vizito. Aliyatangaza hayo yaliyotokana na mkono wake mwenyewe, akaiacha desturi ile. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel. Naye George Murray wa Newcastle, mwaka 1891, alimdunga mwanamke mwenye upungufu huo dawa iliyokamuliwa katika tezi ya kondoo. Mama huyo akaishi miaka 28 zaidi.

Kadhalika dalili zenyewe hupotosha. Mwenye upungufu aghalabu hufunga choo. Mwenye kuzidi huenda choo mara nyingi. Tabibu anayelitazama tumbo peke yake huweza kuyatibu matumbo muda mrefu bila kuipima damu. Hapo ndipo istilahi inapokuwa na uzito. Tukiyatohoa majina ya kigeni tutapata haipothairoidi na haipathairoidi, maneno yanayotofautiana kwa irabu moja tu. Mwandiko mbaya katika cheti cha mgonjwa watosha kuyageuza matibabu. Upungufu wa thairoidi na uzidifu wa thairoidi ni marefu zaidi, lakini hayachanganyiki.

Yabaki madini joto, jina ambalo wananchi wa Tanzania wamelizoea kwa iodini iliyotiwa katika chumvi, kinga ambayo Uswisi iliianza mwaka 1922. Wako wanaolicheka, kwa kuwa iodini haina joto. Lakini mtu ambaye tezi yake imepungukiwa husikia baridi wenziwe wanapotokwa na jasho, hivyo jina hilo halikukosea sana. Na liendelee kutumika katika matangazo na zahanati. Katika vitabu vya maabara iandikwe iodini, maana ndiyo mwanafunzi atakayoikuta katika jedwali la elementi.