Udhibiti Husishi wa Visumbufu vya Mpunga Katika Bonde la Kilombero

Udhibiti husishi ni utaratibu wa kulinda mazao unaotanguliza kilimo bora, mbegu zenye ukinzani na wadudu marafiki wa mkulima. Viuatilifu hutumika mwisho, pale ukaguzi wa shamba unapoonesha kuwa hasara itazidi gharama ya kupulizia.

Umuhimu wake

Namawala na vijiji vingine vya bonde hili, mkoani Morogoro, hutegemea mpunga. Maji ya majaruba hayohayo ni mazalia ya mbu wa Anopheles waenezao malaria. Utafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara uliochapishwa mwaka 2020 ulibaini kuwa wakulima wa Kilombero na Ulanga hutumia sana viuatilifu vya jamii ya pairethroidi. Kemikali za jamii hiyo ndizo hutiwa kwenye vyandarua. Sumu inapoingia majini, viluwiluwi dhaifu hufa, ilhali sugu husalia na kuzaliana. Hivyo, upuliziaji holela shambani hudhoofisha kinga ya familia kitandani.

Hatua za kufuata

1. Kulima na kufukia mabua baada ya mavuno, kwa kuwa bungua hujificha humo.

2. Kupanda kwa wakati mmoja na majirani, ili visumbufu visihame kutoka shamba hadi shamba.

3. Kuepuka kuzidisha mbolea ya urea, kwani mimea laini huvutia bungua.

4. Kukagua shamba kila wiki na kuwaacha buibui na kerengende, ambao hula wadudu waharibifu.

5. Kung'oa mimea yenye kimyanga. Ugonjwa huu husababishwa na virusi na hauna dawa ya kuutibu.

Inapolazimu kupulizia

Mkulima anunue kiuatilifu kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 4 ya mwaka 2020. Asome lebo: utepe mwekundu huashiria sumu kali zaidi, ukifuatiwa na wa njano, bluu na kijani. Avae vifaa kinga, azingatie kipimo na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Bomba lisioshwe mtoni wala mferejini, na vifungashio visitumike kuhifadhia maji au chakula.

Wakulima wanashauriwa kumwona afisa ugani wa kata kabla ya kununua kiuatilifu chochote. Anayepata kizunguzungu au kutapika baada ya kupulizia awahishwe kituo cha afya pamoja na lebo ya kiuatilifu hicho.