Mtoto Akimeza Kokwa, Sarafu au Betri Akiwa Lushoto: Hatua za Kuchukua na Hukumu Zake



Familia nyingi za visiwani zina jamaa Tanga na milima ya Usambara, na likizo huwapeleka watoto Lushoto, kwenye plamu na pichesi. Kokwa ya embe waliyoizoea haimezeki. Ya plamu ni ndogo na inateleza. Ikimezwa, wazazi huuliza: tufanye nini, na sheria inasemaje?

Kinachosubirika

Vitu vingi vilivyofika tumboni hutoka kwa haja kubwa baada ya siku chache. Aliyemeza kokwa ya plamu, akawa anakula na kucheza kama kawaida, aangaliwe. Aliyemeza sarafu apigwe eksirei, kwani huweza kukwama kwenye umio bila dalili. Kokwa mara nyingi haionekani kwenye eksirei, basi mtoto asiyeweza kumeza arudishwe kwa daktari hata kama picha haikuonesha kitu.

Kisichosubirika

Betri ndogo ya mviringo, ya saa au ya mdoli, ikikwama kwenye umio huweza kuuunguza ndani ya saa 2. Sumaku mbili huvutana na kutoboa utumbo. Sindano, pini na mwiba mkubwa wa samaki ni hatari pia. Kadhalika udenda usiokatika, kutapika, tumbo kuuma au kuvimba, homa, au damu chooni. Akishindwa kupumua, kitu kimeziba njia ya hewa, na hiyo ni dharura ya papo hapo.

Milimani saa huhesabiwa. Kutoka Mtae au Mlalo ni safari kufika Hospitali ya Wilaya mjini Lushoto. Akipewa rufaa ya Bombo, Tanga, kuna kilomita 33 za kona kupitia Soni hadi Mombo, kisha njia ndefu ya tambarare. Basi ondokeni usiku huo huo, msingoje asubuhi.

Kwa betri, mtoto aliyetimiza mwaka na anayeweza kumeza apewe njiani vijiko 2 vya chai vya asali kila dakika 10, visizidi mara 6. Asali hupunguza kuungua, lakini haitoi betri, wala safari isicheleweshwe kuitafuta. Msimtapishe, msimpe tonge la ugali lisukume, wala dawa ya kuharisha.

Hukumu katika madhehebu ya Shafi

Kitu kikimponyoka mfungaji kikaingia kooni bila kukusudia, funga yake ni sahihi. Akikimeza kwa makusudi, hata kama si chakula, imebatilika. Daktari akimwingiza mpira wa kutoa kitu, funga inabatilika. Atalipa siku moja, hana dhambi wala kafara.

Kumeza hakutengui udhu. Kitu kikitoka kwa haja kubwa, udhu umetenguka. Pete ya dhahabu iliyotoka ikiwa nzima imepata najisi kwa nje tu. Ikioshwa vizuri inatwaharika na kuvaliwa.

Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sheria. Kumkimbiza mtoto hospitali hakupingani na tawakuli. Dua isomwe garini, gari likiwa linakwenda.

Wallahu a'alam.