Kuhimili Tabianchi: Istilahi na Uzito Wake Beni na Butembo

Katika karatasi za miradi mjini Butembo, mkoani Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, neno linaloandikwa ni la Kifaransa, "adaptation". Likitafsiriwa, mara nyingi huwa "kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi". Kukabiliana ni neno pana mno. Linachanganya mambo mawili ambayo wataalamu huyatenga: kupunguza gesi zinazoipasha dunia joto, na kurekebisha maisha ili madhara yaliyokwisha kufika yasituangamize. La kwanza ni deni la wenye viwanda vikubwa. La pili, ambalo Makubaliano ya Paris ya 2015 yanalieleza katika kifungu cha 7, linamhusu mkulima wa wilaya jirani ya Lubero leo hii. Kwa hilo la pili Tanzania hutumia kuhimili, nami naliunga mkono.

Himili lina asili ya Kiarabu, ndugu yake hamali, mbeba mizigo. Wapo wanaoogopa kwamba linamwambia maskini avumilie tu. Sivyo. Hamali hupanga miguu, hufunga kata kichwani, hupima njia kabla ya kujitwika. Kuhimili ni matayarisho.

Butembo imekaa juu ya vilima, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mvua kubwa ikinyesha, maji ya mabati ya mtaa mzima hukutana kwenye njia moja ya udongo, huichimba, na baada ya misimu michache njia imekuwa korongo linalokula misingi ya nyumba. Dawa yake inajulikana: pipa chini ya bati, mtaro uliojengwa kwa mawe, matuta yanayokata mteremko, matete juu ya tuta ili mizizi ishike udongo. Lakini mitaro hiyo ichimbwe wapi, wakati kila mteremko una kibanda? Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia katika eneo la Beni, kaskazini mwa Butembo, ambayo mengi huhusishwa na waasi wa ADF, yamewafukuza watu mashambani, na waliokimbilia mjini wamejenga palipobaki. Korongo linapanuka kwa mvua, na kwa vita pia.

Beni, kwenye joto zaidi, kuna kakao. Ugonjwa wa mnyauko ulipoiangamiza kahawa ya robusta, wakulima waligeukia mikakao. Walijua kujirekebisha kabla mradi wowote haujawafundisha. Ila mkakao unadai subira ya miaka kadhaa kabla ya kuzaa, kisha hausubiri mtu. Tunda likiiva livunjwe, mbegu zivundikwe siku kadhaa chini ya majani ya migomba, halafu zianikwe. Mvua isiyo ya msimu ikizikuta kwenye turubai, zinaota ukungu na bei inaanguka. Kichanja kilichoinuliwa chenye paa la kuvutwa kingetosha. Lakini mkulima wa Mbau au Oicha, huko huko Beni, asiyethubutu kufika shambani ana haja gani na kichanja? Matunda yanaozea mtini, au yanavunwa na wenye bunduki.

Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilijadili tabianchi na usalama kwa mara ya kwanza mwaka 2007, na tangu hapo hoja inayosikika sana ni kwamba ukame na mafuriko huzaa vita. Kwa Beni mimi naona mkondo mwingine, wenye uzito zaidi: vita vinamnyang'anya mtu uwezo wa kuhimili. Anayelala mbali na shamba lake hapandi miti, hatengenezi tuta, hajaribu mbegu mpya.

Tangu Mei 2021 Kivu Kaskazini imewekwa chini ya utawala wa kijeshi, na katika mipango usalama umebaki sura ya wanajeshi, tabianchi sura ya watu wa mazingira. Anayeandika mpango wa kuhimili kwa ajili ya Beni aanze na njia ya kwenda shambani: nani anailinda msimu wa mavuno, na fedha za ulinzi huo zimeandikwa kwenye bajeti ipi.