Kukata Rufaa, Kupewa Rufaa

Aliyeshindwa kesi hukata rufaa. Mgonjwa aliyezidiwa, zahanati humpa rufaa aende hospitali ya mkoa. Wengi huyaona haya kuwa maneno mawili yaliyofanana sauti tu. Ni neno moja.

Mzizi wake ni wa Kiarabu, rafa'a, yaani kuinua au kupandisha. Mgonjwa hupandishwa kwa daktari mwenye vifaa na ujuzi zaidi. Shauri hupandishwa kwa mahakama ya juu. La kushangaza, Waarabu wenyewe siku hizi mahakama ya namna hiyo huiita ya isti'naf, kwa maana ya kuanza upya.

Kwangu mimi, neno letu ndilo lililolenga. Mahakama ya rufaa kwa kawaida haianzi upya. Haiwasimamishi mashahidi kizimbani mara ya pili. Hupokea jalada lilelile, lenye mwenendo wa kesi, vielelezo na hukumu, kisha huuliza: je, hakimu wa chini alikosea sheria, au aliupima vibaya ushahidi? Mzigo ni uleule, umeinuliwa tu. Nasikitika kila ninapofikiria mdaawa anayekwenda huko akitumaini kusimulia habari yake tangu mwanzo, kumbe ushahidi mpya hupokelewa kwa nadra, tena kwa kibali.

Kenya husema Mahakama ya Rufaa. Tanzania, Mahakama ya Rufani, iliyoanza mwaka 1979 baada ya mahakama ya pamoja kufa na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Kutokana na rufani tumepata mrufani, jina fupi na zuri la mkata rufaa.

Lakini uzito wote uko kwenye kitenzi. Kiswahili hukata shauri, hukata hukumu, na rufaa nayo hukatwa: ni tendo la mtu aliyekwisha kuamua. Mgonjwa hupewa rufaa kwa sababu daktari ndiye aliyeamua. Mdaawa hapewi. Mahakama inaweza kuikubali rufaa yake au kuitupa, ila kuikata ni juu yake, na muda haumngoji. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya, Tanzania, ana siku 30 tangu uamuzi utolewe. Zikipita, itambidi kwanza aombe kuongezewa muda, tena kwa sababu za kutosha.