Warumi wa Kale: Jinsi Wageni Walivyofanywa Wenyeji

Katika Matendo ya Mitume, mlango wa 22, mna habari ambayo sisi waalimu twaisoma na wanafunzi wetu mara nyingi bila kusimama tuitafakari. Paulo, Myahudi wa Tarso, amekwisha kufungwa kwa kamba tayari kupigwa mijeledi, naye amwuliza akida kama ni halali kumpiga mtu aliye Mrumi. Mara wale waliotaka kumpiga wajitenga naye, na jemadari mwenyewe aingiwa na hofu. Jemadari huyo alikuwa ameupata Urumi wake kwa fedha nyingi; Paulo alizaliwa nao. Mwanafunzi mwenye akili aweza kutuuliza: Myahudi awezaje kuwa Mrumi, naye hakuzaliwa Rumi, wala lugha ya mamaye si Kilatini? Swali hilo ndilo mlango wa kuingilia habari zote za dola ya Rumi.

Warumi walisimulia kwamba mji wao ulijengwa na Romulus mwaka 753 kabla ya Kristo, naye, kwa kuwa hakuwa na watu wa kutosha, alifungua mahali pa kimbilio, wakaja watoro na maskini wa kila namna. Hadithi hiyo si historia, walakini hadithi ambazo watu wajisimulia zaonyesha jinsi wanavyojifikiri. Waathene walishika njia nyingine: tangu mwaka 451 kabla ya Kristo hakuhesabiwa mwenyeji wa Athens ila yule ambaye baba na mama yake wote wawili walikuwa wenyeji. Kwa Warumi hata mtumwa, akiachwa huru na bwana wake kwa taratibu za sheria, aliweza kuwa Mrumi, na wanawe baada yake.

Lakini tusidhani ya kuwa neno hili lilitokana na wema mtupu. Majirani wa Italia waliopigana vitani pamoja na Warumi walinyimwa haki hiyo muda mrefu, hata wakashika silaha mwaka 91 kabla ya Kristo. Ndipo Warumi walipoanza kuwapa, mwaka uliofuata, maana waliona hasara ya kuwakatalia. Wala tusisahau damu. Mji wa Carthage uliteketezwa mwaka 146 kabla ya Kristo, na watu wake waliosalia wakauzwa utumwani. Watumwa walioasi pamoja na Spartacus walipokwisha kushindwa, mwaka 71 kabla ya Kristo, 6,000 kati yao walisulibiwa kando ya njia iendayo Rumi. Yerusalemu nao ulibomolewa mwaka 70 baada ya Kristo. Mwalimu asimuliaye barabara na madaraja ya Warumi, asisimulie misalaba iliyosimama kando ya barabara zile, amefundisha nusu.

Mwaka 48 baada ya Kristo wakuu wa Galia, nchi iitwayo leo Ufaransa, waliomba kuingizwa katika baraza kuu la Rumi. Wazee wengi wa baraza walichukizwa: babu zao walipigana na hao! Kaisari Klaudio akasimama kuwatetea. Aliwakumbusha kwamba tangu zamani mji wao ulikuwa umepokea wageni, hata wafalme wake wa kwanza wengine walitoka nje. Watu wa Galia waliyachora maneno yake katika bamba la shaba nyeusi, na vipande vyake vikaonekana katika ardhi ya Lyon mwaka 1528. Viko hata leo. Mwandishi Tacitus naye aliiandika hotuba hiyo kwa maneno yake mwenyewe, na ndani yake Klaudio auliza: Athens na Sparta ziliangushwa na nini, ingawa zilikuwa na nguvu za vita, ila kwa kuwatenga walioshindwa kama wageni?

Tangu hapo mlango ulizidi kupanuka. Trajanus, aliyetawala tangu 98 hata 117, alizaliwa Hispania. Septimius Severus, aliyeshika ukaisari mwaka 193, alizaliwa Afrika, katika mji wa Leptis Magna ulio pwani ya Libya, akafa mbali, Uingereza, katika mji wa York, mwaka 211. Mwaka uliofuata, 212, mwanawe Caracalla alitoa amri kwamba karibu watu huru wote wa dola wawe Warumi. Cassius Dio, aliyeishi siku zile, asema kwamba sababu ilikuwa kodi, kwa maana Warumi walilipa kodi ambazo wageni hawakulipa. Huenda ni kweli. Walakini amri iliyotolewa kwa tamaa ya fedha iliwafanya watu wa Misri, Shamu na Galia kuwa chini ya sheria moja.

Sasa na tutazame jambo la lugha, lituhusulo sisi hasa. Hatusomi popote kwamba Warumi walitoa amri ya kuzikomesha lugha za mataifa. Upande wa mashariki Kiyunani kilidumu, nao Warumi wenyewe wakajifunza. Upande wa magharibi Kilatini kilienea polepole kwa askari, kwa soko, kwa baraza la hukumu na kwa shule. Mzazi aliyetaka mwanawe apate cheo alimfundisha Kilatini. Mjukuu akasahau lugha ya babu. Hivyo Kigalia kikatoweka. Kietruska, lugha ya jirani wa karibu kabisa wa Rumi, kikafa: herufi zake twaweza kuzisoma, lakini maana ya maneno mengi imefichika. Klaudio yule yule aliandika vitabu 20 vya habari za Waetruski. Vyote vimepotea, hakikusalia hata kimoja.

Afrika ya Kaskazini mambo hayakuwa sawasawa na hayo. Wakristo wa Scilli, waliouawa kwa ajili ya imani huko Carthage mwaka 180, waliulizwa habari zao kwa Kilatini, na maandiko ya hukumu yao ni miongoni mwa maandiko ya kwanza kabisa ya Wakristo katika lugha hiyo. Lakini Kipuniki, lugha ya Carthage ya zamani, kilisemwa bado mashambani zaidi ya miaka 500 baada ya mji kuteketezwa. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo aliyefariki mwaka 430, alipotaka kumweka askofu katika mji wa Fussala, alitafuta mtu ajuaye Kipuniki. Yeye, fundi wa Kilatini kupita wengi, alijua kwamba mchungaji asiyejua lugha ya kundi lake hawezi kulilisha.

Urithi wa Warumi tunao mikononi kila siku. Sheria walizokusanyiwa na Kaisari Justinianus, ambazo sehemu yake kubwa ilitolewa mwaka 533, ni msingi wa sheria za nchi nyingi za Ulaya, na hata Afrika ya Kusini. Majina ya miezi ni yao: Julai ni ukumbusho wa Julius Caesar, Agosti wa Kaisari Augusto. Mtoto akiuliza kwa nini Desemba, maana yake wa kumi, ni mwezi wa kumi na mbili, tumjibu kwamba mwaka wa Warumi wa kale ulianza Machi. Herufi tunazoandikia ni zao, ingawa W hawakuwa nayo, nasi hatuwezi kuandika wimbo bila hiyo.

Hata katika Kiswahili yamo maneno yao yaliyokuja kwa njia za mbali. Meza na mvinyo tulipewa na Wareno, ambao lugha yao ni binti wa Kilatini. Dinari ilipitia kwa Waarabu. Maili ni hatua elfu za askari wa Kirumi. Wala Warumi hawakutawala pwani yetu kamwe. Lakini katika karne ya kwanza mfanya biashara mmoja wa Misri, iliyokuwa chini yao, aliandika kwa Kiyunani kitabu cha kuongoza mabaharia, akataja bandari ya Rhapta, palipopatikana pembe za ndovu na magamba ya kasa. Asema kwamba manahodha wa Kiarabu waliofika huko waliijua lugha ya wenyeji na kuoa kwao. Lugha hiyo ilikuwa ipi, hakuandika hata neno lake moja.

Ukaisari wa magharibi ulikwisha mwaka 476, na wa mashariki mwaka 1453. Majeshi yamekwenda, sheria, herufi na maneno yamebaki. Basi, ndugu waalimu, twajifunza mambo mawili. Kwanza, watu wanaomfanya mgeni kuwa mwenyeji hudumu kuliko wanaomfukuza. Pili, lugha kubwa yaweza kuzimeza ndogo pasipo amri wala upanga, shuleni mwetu wenyewe, huku wazazi wakifurahi. Tufundishe lugha kubwa kwa bidii, maana yafungua njia. Lakini jioni tuketi na wazee, tuandike methali zao, majina ya miti na ya nyota, habari za mababu, na kuviweka vitabu hivyo mahali pengi. Klaudio aliandika vitabu 20, wala hatuna hata ukurasa mmoja.